Kusadikika Haikuchoma Vitabu

Muulize mwanachuo wa fasihi akutajie riwaya inayohusu udhibiti wa mawazo. Tisa kati ya kumi watakutajia ya Mzungu. Atasema 1984 ya George Orwell, au atasema Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, ile ya mwaka 1953 ambamo zimamoto hawazimi moto tena, wanauwasha ili kuchoma vitabu vya watu. Ni riwaya nzuri, sina ugomvi nazo. Ila miaka miwili kabla ya Bradbury, yaani mwaka 1951, karani mmoja wa Tanga alikuwa ameshachapisha ya kwetu kwa Kiswahili, na hakuhitaji hata njiti moja ya kiberiti. Karani huyo ni Shaaban Robert. Riwaya ni Kusadikika.

Hoja yangu niiseme mapema, ili anayetaka kubishana aanze kujipanga. Kusadikika inaueleza udhibiti wa huku kwetu vizuri kuliko riwaya ya moto. Huku vitabu havichomwi. Vinakusanywa madukani, vinakatazwa kwa jina la maadili, vinafungiwa kabatini, na vikija kuruhusiwa vinafika darasani vikiwa vimeshatafunwa na mtu mwingine. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inatuhusu sisi tunaosomea ualimu.

NCHI ISIYO NA ARDHI

Kwa ambaye hajaisoma, kisa kwa kifupi ni hiki. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Mwananchi mmoja, Karama, anafikishwa mbele ya mfalme na baraza lake kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Anayemshtaki ni waziri, jina lake Majivuno, na kwake kesi imeshaisha kabla haijaanza. Karama anaomba kujitetea na anapewa siku sita. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja ambaye nchi hiyohiyo ilimtuma ugenini akatafute mambo ya kuifaa: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mjumbe alipita taabu zake, akarudi na jambo la maana. Na kila mjumbe malipo yake yalikuwa kifungo.

Sitachambua kwa ule mtindo wetu wa dhamira ya kwanza, dhamira ya pili, kipengele a, kipengele b. Nitachukua alama tatu tu, ambazo nadhani tunazipita haraka mno.

Ya kwanza ni nchi yenyewe. Kwa nini iwe angani? Jibu la darasani ni kwamba mwandishi alikuwa anawakwepa wakoloni. Ni kweli. Tanganyika ya 1951 ilikuwa chini ya Waingereza, na Shaaban Robert alikuwa amekula mshahara wa serikali hiyo tangu ujana wake. Hakuwa na namna ya kuandika habari za gavana mbabe na kesho yake akaenda kazini kama kawaida. Akaipandisha nchi juu, akaiweka mahali ambapo hakuna ofisa atakayesema "hapa umenitaja mimi". Kwa hiyo hata umbo la riwaya ni ushahidi wa udhibiti: tunasoma kitabu kilichojifunika shuka ili kipite mlangoni.

Lakini naona kuna jambo la ziada. Mimi natoka Kihanga, Karagwe. Kwetu mtu akitaka kujua habari za shamba lako hakuulizi wewe, anakwenda mwenyewe. Anainama, anafukua kidogo kwenye shina la mgomba, anaushika udongo, halafu ndiyo anaongea. Nchi ya angani haina udongo wa kushikwa. Huwezi kwenda kuhakikisha, huwezi kuinama. Unaloambiwa ndilo hilo, na kazi yako wewe mwananchi ni kusadiki. Jina la nchi limetaja kazi ya raia wake. Utawala unaopenda watu wasiulize ungefurahi sana kuhamishia nchi hewani, mahali ambapo kila kitu ni taarifa na hakuna kitu cha kugusa.

Alama ya pili ni majina. Hapa ndipo vitabu vya uchambuzi vinaandika "mwandishi ametumia majina ya kiishara", mwanafunzi anapata alama zake mbili, tunahama. Hebu tusihame. Buruhani ni ushahidi, hoja iliyosimama. Fadhili ni wema. Kabuli ni kukubali. Auni ni msaada. Ridhaa unaijua. Amini ni kuaminika. Sasa irudie hukumu ukitumia maana badala ya majina: nchi imeufunga ushahidi, imeufunga wema, imekufunga kukubali, imeufunga msaada, imeifunga ridhaa, imeufunga uaminifu. Aliyebaki nje, mwenye kiti barazani, ni Majivuno. Sijaona maelezo mafupi ya udhibiti kuliko hayo. Serikali inayoziba midomo haipotezi maneno tu. Inapoteza vitu sita ambavyo bila hivyo hakuna anayeweza kuishi na mwenzake.

Ya tatu ndiyo kali kuliko zote, na ndiyo inayonifanya nimwone Shaaban Robert amewapiga hatua wenzake. Wajumbe walitumwa. Hawakuwa waasi waliotoroka usiku na kurudi na vitabu vya magendo. Nchi yenyewe iliwaaga, ikawangoja, ikawapokea, ikawafunga. Katika Fahrenheit 451 adui anajulikana: ni kitabu, kinachomwa. Kusadikika inatuonyesha kitu cha ajabu zaidi, dola inayotafuta maarifa kwa mkono wa kulia na kuyafungia kwa mkono wa kushoto.

Ukidhani ni hadithi tu, kumbuka Tume ya Nyalali. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikusanye maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama. Wajumbe wakazunguka nchi, wakarudi. Pendekezo la vyama vingi lilitekelezwa mwaka 1992, hilo tuwape haki yao. Lakini tume ilitaja pia sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa, na mojawapo ilikuwa Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Taarifa ikapokelewa, ikawekwa. Julai 2012, miaka 20 baadaye, sheria ileile ilitumika kulifungia gazeti la MwanaHalisi kwa muda usiojulikana. Ilikuja kuondoka ilipopitishwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Mjumbe wetu, kwa jambo lile moja, alikaa ndani miaka 24.

WANAMWOGOPA MWALIMU

Turudi kwenye kosa la Karama. Hakumtukana mfalme. Hakuandika kipeperushi. Hakupiga kelele sokoni. Alianzisha mafunzo. Alitaka watu wajue namna ya kusimama mbele ya baraza na kusema "hapana, tafadhali, nina neno". Kosa lake ni la kialimu.

Majivuno anaelewa jambo ambalo sisi wa ualimu wakati mwingine hatulielewi. Kitabu kimoja unaweza kukificha. Mtu mmoja unaweza kumfunga, na Kusadikika imefunga sita bila wasiwasi. Lakini mtu anayewafundisha wengine kuhoji hafungiki kirahisi, kwa sababu ukimfunga yeye wanabaki wanafunzi wake. Ndiyo maana kesi ya mjumbe haichukui muda, ila kesi ya mwalimu inachukua riwaya nzima.

Shaaban Robert alilirudia jambo hili katika Kufikirika, riwaya iliyochapishwa baada ya kifo chake cha mwaka 1962, na ambayo wengi wetu tumekutana nayo kidato cha tano na sita. Humo pia kuna mwalimu, tena mwalimu wa mtoto wa mfalme, anayepoteza kazi kwa sababu alifundisha nje ya mazoea. Mara mbili, mwandishi huyohuyo, nchi mbili za kubuni, na mara zote mbili mwalimu ndiye mshtakiwa. Mimi nikiona hivyo siwezi kusema ni bahati mbaya.

Nina lawama moja kwa riwaya hii, na naomba wapenzi wa Shaaban Robert wanivumilie. Mwisho wake ni mzuri mno. Mfalme anasikiliza, anaelewa, Karama anashinda, waliofungwa wanafunguliwa. Tunashangilia. Lakini mlango wa gereza umefunguliwa kwa neno la mtu yuleyule ambaye neno lake liliufunga. Kesho akiamka vibaya je? Nadhani mwandishi wa 1951 alikuwa anampa mtawala wake nafasi ya kujirekebisha, kwa adabu, kama mzee anavyomkanya kijana mbele za watu bila kumtaja. Ni busara ya wakati wake. Kwa msomaji wa leo, swali la nani atamzuia mfalme asirudie linabaki juu ya meza, na darasa zuri la fasihi lingelianzia hapo.

NJE YA RIWAYA

Waliotuzunguka wamejaribu njia zao za kunyamazisha vitabu. Nitaje mbili.

Kenya, mwaka 1986, Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha Matigari kwa Kikuyu. Mhusika mkuu anatoka msituni, amezika silaha zake, amejifunga mshipi wa amani, anazunguka nchi nzima akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Ndani yake kuna redio inayojiita Sauti ya Ukweli, na kuna wasomi waliobobea katika taaluma ya ukasuku, yaani kurudia anayosema mkubwa. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, watu vijijini walianza kusimuliana habari za mtu huyo anayeuliza maswali, habari zikafika serikalini, na amri ikatolewa akamatwe. Polisi wakarudi na jibu kwamba Matigari ni mtu wa kitabuni. Basi Februari 1987 kikakamatwa kitabu: nakala zikabebwa madukani. Yaani riwaya kuhusu nchi isiyotaka maswali ilipata hatima ya mhusika wake.

Huku kwetu, mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyekuwa ametoka tu kumaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa Rosa Mistika. Ikapigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya kugusa mambo ya mapenzi waziwazi. Baadaye ikakubalika, hadi ikafundishwa. Kinachonishangaza ni kwamba riwaya yenyewe inazungumzia hilohilo. Rosa ni binti aliyelelewa kwa viboko na ukimya. Baba yake anamlinda kwa kumficha kila kitu. Anapotoka nje ya ua wa nyumbani, akaenda shule na baadaye chuo cha ualimu, hana neno hata moja la kujilindia, na dunia inammaliza. Mwandishi anawaambia wazazi: ukimya wenu ndio uliomuua. Na jibu la wakubwa likawa kuongeza ukimya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mambo haya si ya zamani tu. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilitangaza kuvipiga marufuku mashuleni vitabu kadhaa vya watoto, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwemo, kwa sababu ya maadili.

Hapa najua kuna mwenzangu ameshakunja uso. Atasema: "Sasa ticha, unataka mtoto wa darasa la tatu asome chochote?" Hapana. Kuchagua ni sehemu ya kazi ya mwalimu. Sitampa mtoto wa miaka tisa Rosa Mistika, kama ambavyo simpi jembe la mtu mzima. Ila kuchagua na kuficha ni vitu viwili. Anayechagua anasema sababu, anasikiliza anayepinga, na anaacha mlango wazi kwa siku mtoto atakapokua. Anayeficha hasemi sababu, au anasema neno moja, "maadili", kisha anafunga mjadala. Kipimo changu ni rahisi: je, uamuzi huu ungeweza kutetewa mbele ya baraza kwa siku sita? Kama unahitaji watu wasiulize ndipo usimame, huo ni uamuzi wa Majivuno.

BUTURA YA RIWAYA

Sasa tufike darasani, maana kulaumu serikali ni rahisi na wengi tunakuwa mashujaa hapo.

Wasiotoka Kagera niwaeleze butura. Ni kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini. Mkulima amebanwa, ada ya mtoto au msiba, mwenye hela anakuja shambani, anakadiria magunia kwa macho, analipa bei ya kutupa. Msimu ukifika, mibuni ni yako, jasho ni lako, kahawa ni ya mwingine. Serikali imeipiga vita miaka na miaka na bado ipo, kwa sababu shida haingoji mavuno.

Kusoma uchambuzi bila kusoma riwaya ni butura. Mwanafunzi anauza kitabu kikiwa ua. Mtu mwingine, ambaye hata hamjui, ameshamvunia dhamira, ameshamvunia falsafa ya mwandishi, ameshaamua nani mhusika mkuu na nani mhusika bapa. Mwanafunzi anabaki na karatasi ya mauzo. Anaikariri, anakwenda kuimwaga kwenye mtihani, anapata A, na kitabu hakijawahi kuwa chake hata siku moja.

Ninaongea ninachokijua. Kidato cha tano na sita nilisoma shule moja ambayo jina lake halina umuhimu hapa. Nakala za Kufikirika zilikuwa mbili kwa darasa zima, moja haina jalada wala kurasa za mwisho. Uchambuzi uliotolewa kopi, kila mtu alikuwa nao. Tulijua falsafa ya Shaaban Robert kabla hatujajua mfalme wa Kufikirika alikuwa na shida gani. Aliyeuliza swali nje ya kopi alijibiwa kwamba hilo halitoki kwenye mtihani, na baada ya miezi michache hakuna aliyeuliza tena. Simlaumu mwalimu, alikuwa na vipindi vingi kuliko siku za wiki. Lakini tazameni matokeo. Riwaya ya mtu anayewatetea wanaouliza ilifundishwa kwa namna ya kuwazoesha watu kutouliza. Majivuno angeomba nini zaidi?

Kuna atakayesema natia chumvi: kukosa vitabu ni umaskini, huwezi kuuita udhibiti, hakuna waziri aliyetoa amri. Ni hoja nzito. Jibu langu liko kwenye kitabu cha Bradbury, kwa kofia ya adui. Mkuu wa wachoma vitabu, Beatty, anamweleza Montag kwamba mambo hayakuanzia serikalini. Watu wenyewe walianza kutaka vitabu vifupishwe, kisha vifupishwe zaidi, kisha viwe mistari michache, hadi wakaacha kusoma. Moto ulikuja kumalizia kazi iliyokuwa imeshafanyika. Umaskini unatukosesha nakala, hilo kweli. Ila nakala moja ipo, na tukaamua kusoma ufupisho. Hapo hatuwezi kumsingizia umaskini peke yake.

Mwishoni mwa riwaya hiyo kuna kundi la watu wanaoishi nje ya mji, na kila mmoja amekishika kitabu kizima kichwani ili kisipotee. Wao wanakariri kitabu ili kiishi. Sisi tunakariri maelezo ya kitabu ili tusikisome. Kitendo kimoja, kukariri, na safari mbili tofauti kabisa. Nikikumbuka wale wasomi wa ukasuku wa Ngũgĩ, napata aibu ya darasa zima.

Na tusijifanye kwamba haya yaliishia sekondari. Hapa chuoni desa linatembea kuliko daladala. Wiki ya UE usiulize nani amesoma riwaya, uliza nani ana nondo. Mtu anamaliza kozi ya riwaya ya Kiswahili bila kuishika riwaya, halafu mwakani anapangiwa shule, anasimama mbele ya watoto 80, na anatoa mfukoni kitu pekee alichonacho: desa. Watoto wale nao wanauziwa butura. Mnyororo unaendelea, na hakuna aliyepiga marufuku chochote.

TUFANYE NINI

Sipendi makala zinazolalamika halafu zinasema "wahusika waliangalie". Wahusika ni sisi. Nina mambo manne, yote yanawezekana bila kungoja bajeti.

Moja, mazoezi ya kufundisha yanakuja. Badala ya kuzungumzia hela ya kujikimu tu, kila mmoja wetu wa Kiswahili ajiwekee sheria: dakika kumi za kila kipindi cha fasihi ni za kusoma riwaya kwa sauti. Nakala moja inatosha watoto 80 kama kuna sauti moja inayosikika. Kijijini kwetu nyumba tatu zilisikiliza redio moja na kila mtu aliondoka na habari kamili. Kusikiliza tunakujua.

Mbili, uchambuzi uje mwisho. Waache wanafunzi wagombane kwanza. Waulize: kwa nini wajumbe walikubali kurudi wakati walijua wenzao wamefungwa? Hakuna desa lenye jibu la hilo, na utashangaa yule mtoto wa nyuma anayesinzia kila siku ana jibu.

Tatu, naiomba serikali yetu ya wanafunzi ianzishe sanduku la riwaya. Anayemaliza mwaka wa tatu aache moja, anayekwenda kufundisha achukue moja. Riwaya ya mtumba haizidi sana bei ya bando tunalomaliza kwa siku chache tukitazama vichekesho. Mwenye Kusadikika, Rosa Mistika, Vuta N'kuvute, chochote, alete. Shule nyingi za Karagwe na Kyerwa, na bila shaka za kwenu pia, nakala tano tu ni maktaba.

Nne, wahadhiri wetu, kwa heshima zote, tutungieni maswali yanayolikataa desa. Tutapiga kelele wiki ya kwanza, tutaogopa kupata sapu, halafu tutakwenda kusoma. Mwanafunzi hukimbilia njia ya mkato pale tu njia ya mkato inapofika.

Msisitizo wangu wa mwisho ni kwa anayedhani kusoma kitabu kizima ni anasa ya wenye muda. Fikiria Karama amesimama barazani. Ana siku sita na maisha yake yako rehani. Anaokoka kwa sababu anazijua habari za watu sita mwanzo hadi mwisho: nani alimtuma, alipita wapi, aliona nini, alirudi na nini, alifungwa vipi. Sasa mpe Karama kopi ya uchambuzi badala ya habari zenyewe. Angesimama, angesema "dhamira ya kwanza ni uongozi mbaya, dhamira ya pili ni kukosekana kwa haki", angetaja mfano mmoja mmoja, angekaa. Majivuno angekuwa ameshinda kesi kabla ya chai ya saa nne.